Daktari wa Mitungi Sita

Tik.

Kimya. Halafu tena: tik.

Nsajigwa alifumbua jicho moja gizani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, umeme wa mtaa wa Pito umekatika tangu jana yake, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa imepita chini ya mlango ikalala naye kitanda kimoja bila kuombwa. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Kitu kidogo, kigumu, kikidondoka kwenye kopo. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini: "Hiyooo! Moja tena, mama. Moja tena." Ukafuata ukimya mrefu wa mtu anayehangaika. Halafu: tik.

Mtu mwingine angejifunika blanketi usoni. Lakini kazi ya Nsajigwa ilikuwa kujua watu wanafanya nini na wanatamani nini, na ukuta wenye siri ulimnyima usingizi kuliko kunguni. Ni kazi kama kazi nyingine, ila haina pensheni. Wiki mbili nyuma alikuwa mpakani Kasesya, akiwauzia madereva wa malori nafasi za mbele katika foleni ambayo hakuwa na mamlaka nayo hata ya hatua moja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka madereva wawili walipouziwa nafasi moja, na wote wawili walikuwa wameshiba vizuri kifua na mikono. Hapo ndipo Nsajigwa alipotambua kwamba hewa ya Sumbawanga ingemfaa zaidi kiafya.

Kulipokucha alitoka na mswaki mdomoni. Mama mwenye nyumba, Bertilla, alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umelalaje?"

"Nimelala nusu. Huyu jirani yangu anadondosha nini alfajiri yote ile?"

"Avelina huyo. Punje za mahindi."

"Anachambua mahindi gizani?"

"Hachambui, anamfundisha mtoto vidole. Josefina, miaka minne huyo. Alipozaliwa alichelewa kulia, basi misuli ikakaza. Sasa anaokota punje moja moja, anatia kwenye kopo, kila siku kabla mama yake hajaenda kuuza maandazi stendi. Mwanzoni nilisema anamtesa mtoto bure." Bertilla akapuliza makapi. "Mwaka jana vile vidole vilikuwa ngumi. Mwaka huu ananiibia karanga."

Alasiri Nsajigwa alijionea mwenyewe. Wanawake sita waliingia uani na watoto mgongoni, wengine watoto wakubwa ambao miguu yao ilining'inia mpaka magotini mwa mama zao, wakaelekea kwenye stoo ya Bertilla. Aliyewapokea alikuwa mwanamke mdogo mwenye daftari kwapani. Ndiye Avelina. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni na kalamu mkononi, na mara moja kwa mwezi alikwenda hospitali kujifunza mazoezi, akirudi anawafundisha wenzake. Ndani kulikuwa na magunia yaliyotandikwa, gogo lililofungwa blanketi ambalo mtoto alilazwa juu yake kwa tumbo ili anyanyue kichwa, na ndoo iliyokatwa ikawa kiti. Wanawake waliimba. Watoto walinyooshwa, wakagombezwa kidogo, wakachekeshwa sana.

"Wana mpaka mwezi wa sita tu," Bertilla alisema. "Mahindi yangu yakiingia stoo, wao wanatoka. Tena wakitoka ndiyo basi, kila mtoto anarudi kulala pembeni ya jiko. Avelina ameandika barua tatu ofisini. Wamemjibu kwa heshima kubwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Kigango cha kanisa kimempa lile boma pale, lakini limeishia kwenye lenta. Halina paa. Mbuzi ndio wanafunzi."

Nsajigwa alisikia kitu kikimchezacheza kifuani, akadhani ni huruma, akashtuka. Kumbe lilikuwa wazo. Akatulia.

Tumtendee haki: mtu huyu alikuwa na kanuni. Hakuwahi kumtapeli maskini, si kwa wema, ila kwa sababu jasho ni lilelile na mapato ni kiduchu. Alichotafuta siku zote ni tajiri aliyesimama karibu na huruma. Na Pito ilikuwa na tajiri wake, Mzee Baltazari, mnunuzi wa mahindi, mwenye mashine ya kusaga na ghala la mbao, mtu ambaye hata akikohoa ungedhani anataka punguzo la bei.

Kesho yake Nsajigwa alikwenda sokoni kwenye mitumba akapata koti jeupe. Kifuani lilikuwa limetariziwa neno BUCHA kwa uzi mwekundu. Alilifumua kwa wembe, herufi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mpasuaji, na ilipotoka ile A ya mwisho alikuwa tayari amehitimu.

"Daktari Nsajigwa," alijitambulisha stoo. "Mtaalamu wa viungo, ulimi, na utengamao kwa jumla. Nimetumwa na wafadhili kutoka nje."

"Karibu daktari! Tulikuwa tunaomba kwa rozari!" walisema akina mama.

Avelina alimtazama kuanzia viatuni.

"Daktari," aliuliza kwa upole, "Josefina nikimlaza chali anajikunja kwenda nyuma kama upinde. Mwili wote mgumu. Tumfanyeje?"

Nsajigwa alishika kidevu. "Akaze," alisema kwa uzito. "Mwambieni akaze."

Akina mama wakamgeukia Avelina. Avelina akainamia daftari muda kidogo, mabega yakimtikisika, huenda kwa kikohozi.

"Akaze," alirudia, akiandika. "Asante daktari. Na kwa kuwa Mungu amekuleta, hebu tushikie miguu. Mikono yangu ina mafuta. Hapana, si hapo. Hapo chini ya goti. Polepole. Usimlazimishe, msubiri mwenyewe alegee."

Ikawa hivyo. Daktari hawezi kumkataa mgonjwa mbele za watu. Kila alfajiri ukuta uligongwa: "Daktari, umeamka?" Na daktari, ambaye maishani mwake hakuwahi kuamshwa na mtu asiyekuwa askari, aliamka.

"Daktari, ni kweli mtoto akikaa miguu lazima ikanyage kitu, na mgongo uegemee, ndipo mikono inapata uhuru?"

"Kweli tupu."

"Na kifua kikinyooka ndipo anapata pumzi ya kutosha kutoa maneno? Maana Josefina anasema neno moja tu. 'Maji.' 'Toa.' La pili pumzi inakuwa imeisha."

"Umenitolea maneno mdomoni, mama. Hayo ndiyo niliyotaka kusema."

"Nilijua ungesema hivyo, daktari."

Baada ya wiki mbili Nsajigwa aliijua miguu ya Josefina kuliko alivyovijua viatu vyake. Alijua kwamba wa kushoto ulilegea ukiimbiwa na wa kulia ulitaka kusuguliwa kwanza. Alijua kwamba mtoto akishikilia ukuta alitembea hatua tano, na ya sita alicheka akaanguka. Alijiambia kwamba huo wote ni utafiti wa soko.

Mchana alikuwa kwa Mzee Baltazari.

"Watoto mia nne, mzee wangu. Uji asubuhi, uji mchana. Unga wa lishe. Mfadhili hanunui kwa kilo, ananunua kwa tani."

"Pito hii ina watoto mia nne wa namna hiyo?"

"Mzee, wakisikia kuna uji watapatikana."

Baltazari aliipenda sana sentensi ile. Ilikuwa kama ameitunga mwenyewe.

"Na ili tenda ya unga iwe yangu?"

"Uwe Mlezi Mkuu wa Kituo. Milioni moja na nusu tu ya kufungulia faili."

"Kituo chenyewe kiko wapi?"

"Kiko njiani, mzee."

"Daktari," Baltazari alisema, akijifuta unga mikononi, "pesa yangu haipandi gari moja na kitu kilicho njiani. Nione kituo. Nione watu. Nione mtoto amekaa kwenye kiti. Siku hiyohiyo bahasha utaipokea mkononi."

Nsajigwa hakutikisika. "Basi tuzindue. Wewe toa mbao na mabati, tuyapange pale bomani yaonekane. Tunapiga picha, mfadhili anaridhika, mali yako inarudi."

"Mbao zangu zinakwenda kwa heshima na zitarudi kwa heshima?"

"Mzee, hazitaguswa hata na msumari."

Baltazari akatoa mbao, mabati, na hata misumari, maana aliambiwa picha bila misumari haivutii.

Ikabaki umati. Jioni hiyo Nsajigwa alimkuta Avelina akifua.

"Jumamosi tunazindua, dada. Nataka watu wafurike. Hapa kwenu watu wanaitwaje wakaja kweli?"

"Hapa? Kwa pombe ya ulezi tu, daktari."

"Mtungi mmoja utatosha?"

Avelina aliacha kufua. Alilitazama boma kule juu, midomo ikitembea kama mtu anayepima kitu kwa macho, upana na urefu.

"Sita," alisema.

"Sita! Kwani ni harusi? Miwili basi."

"Miwili haimalizi."

"Haimalizi nini?"

"Siku, daktari. Siku ni ndefu."

Nsajigwa alitoa akiba yake yote ya Kasesya, akanunua ulezi. Iliuma, lakini alijiliwaza kwamba mkulima naye huzika mbegu akiwa ameshikilia moyo. Bertilla na akina mama walipika wiki nzima. Jumapili, baada ya misa, katekista alisimama akatangaza mambo mawili, ndoa moja na kwamba Jumamosi kuna pombe ya Avelina pale bomani. Kanisa zima liliitikia kwa kichwa pamoja. Nsajigwa, benchi la nyuma, aliona vichwa vile vikiitikia akafurahi. Pombe ya bure, alijiambia, inaeleweka kwa kila kabila.

Jumamosi alifika saa tatu, koti limepigwa pasi, hotuba kichwani. Mpango ulikuwa mwepesi: watu wanywe, watoto wakae mbele, Baltazari aone, bahasha ipokelewe, basi la Mbeya la saa nane. Begi lake lilikuwa nyuma ya boma, limefungwa zipu, lina subira kuliko mwenyewe.

Mtu wa kwanza alikuja na jembe. Nsajigwa hakujali. Wa pili alikuja na sepetu. Wa tatu na wa nne walikuja na ngazi, mmoja kila upande. Nyuma yao akaja Theodory, fundi seremala, na msumeno, randa na tezo, akipiga mluzi.

"Mama Bertilla," Nsajigwa alinong'ona, "hawa wanakwenda shamba baada ya sherehe?"

"Shamba gani? Si umeita watu kwa pombe?"

"Ndiyo. Waje wanywe."

Bertilla alimtazama kama mtu aliyeambiwa samaki wa ziwani Kabwe wanatagia mitini.

"Kunywa? Huku Ufipa nani anaitwa kunywa? Pombe ikitangazwa ni kazi imetangazwa, baba. Mtu anakunywa kata moja, anashika kazi, anarudi kunywa nyingine. Ukinywa ukaondoka bila kushika kazi, msimu ujao pika wewe pombe uone kama atakuja hata mbwa. Kwenu hamna?"

"Kwetu kuna baa," Nsajigwa alisema kwa sauti ndogo.

Alipanda juu ya rundo la mbao ili aokoe hali.

"Ndugu wananchi! Kabla hatujafika mbali—"

"Samahani daktari," Theodory alimwambia kwa adabu zote, "sogea kidogo, umesimama kwenye kenchi ya paa."

Akasogea kwenye mbao nyingine. Nayo ikachukuliwa. Akasogea tena. Mtaalamu wa viungo, ulimi na utengamao kwa jumla alishushwa chini ubao mmoja baada ya mwingine, hotuba yake ikipungua kimo, mpaka alipogundua amesimama ardhini akihutubia mbuzi waliofukuzwa bomani, ambao nao hawakuwa na raha.

Mzee Baltazari aliwasili saa tano, suti ya kahawia, huku bati la nane likigongelewa.

"Mbao zangu!" alifoka. "Mabati yangu!"

"Mlezi Mkuu amefika!" Theodory aliita kutoka juu. "Jamani, pigeni vigelegele! Mzee Baltazari, mabati ya geji nzuri namna hii sijagonga tangu nizaliwe! Mungu akuzidishie!"

Vigelegele vilisikika mpaka mtaa wa Chanji. Mama mmoja alipiga magoti, mwanawe wa miaka saba mgongoni, akamshika mzee mkono. Katekista alikuwa tayari anaandika jina la Baltazari kwa chaki mlangoni, herufi kubwakubwa. Baltazari alilitazama paa, akautazama umati, akapima ni kipi kitamgharimu zaidi: kuliacha paa au kulibomoa mbele ya kigango kizima. Ni hesabu aliyoimaliza upesi.

"Nipeni maji," alisema kwa unyonge.

Wakampa kata ya pombe. Akainywa yote. Alipoishusha, mtu alimpa nyundo.

Nsajigwa naye, kwa uchungu wa kuona ulezi wake ukishuka makooni mwa watu, aliomba kata moja ya kujipoza. Hakuwahi kufikiri vibaya namna hiyo. Kabla hajafuta midomo alikuwa na sepetu mkononi na kilima cha udongo miguuni. Saa nane juu ya alama basi la Mbeya lilipiga honi kule barabarani. Alilisikia akiwa ndani ya tope mpaka kwenye vifundo, koti la udaktari limerudi kwenye hali yake ya buchani.

Kufikia saa kumi na moja jioni boma lilikuwa darasa. Paa la mgongo mmoja, sakafu imeshindiliwa, ukutani reli ya mbao ya kujishikilia kwa kimo cha mtoto. Kiti cha Josefina kilikuwa tayari tangu saa saba. Theodory alikuwa amempima kwa kamba, goti mpaka kisigino, mgongo mpaka shingo, halafu akakiongeza upana kwa makusudi, kwa hoja kwamba mtoto anakua na mbao ni za Baltazari. Pembeni kilijazwa mito, chini kikawekwa ubao wa kukanyagia. Josefina alikaa humo alasiri nzima, mgongo wima, akajilisha uji mwenyewe kwa kijiko, akamwaga nusu, akawatazama watu wazima wakitumika kama vile amewaajiri. Baadaye bibi mmoja alimwondoa akamwoshe.

Baltazari alikuja akamsimamia Nsajigwa, kidole gumba kimevimba kwa nyundo.

"Nimeona kituo," alisema. "Nimeona watu. Nimeona mtoto amekaa kwenye kiti."

Akaingiza mkono mfukoni. Nsajigwa alipangusa tope viganjani. Mkono ukatoka na kitambaa cha jasho.

"Na bahasha, mzee wangu?"

"Bahasha imegongelewa juu ya kichwa chako, daktari. Inua macho uione." Akajifuta uso. "Sasa mlete huyo mfadhili. Nitamsubiri. Wapakiaji wangu wako stendi kila siku, nimewaambia wakikuona na begi wakusindikize kurudi."

Akaondoka, akipita mlangoni polepole, akilisoma jina lake.

Avelina alikuja na kikombe cha chai. Nsajigwa alikipokea.

"Ulijua," alisema.

"Siku ileile ya kwanza. Mtoto aliyekaza, kaka yangu, unamwambia akaze?"

"Na hukunitaja?"

"Ningekutaja tungebaki na nini? Barua tatu? Mzee Baltazari nimemwamkia miaka miwili, hajaniuliza hata mtoto anaitwa nani. Wewe na koti lako alikusikiliza dakika kumi." Akainamisha macho. "Nisamehe kwa ulezi. Ile ilikuwa pesa yako."

"Ya madereva," Nsajigwa alisema, na akashangaa, maana ilikuwa kweli na imemtoka yenyewe.

Avelina alicheka, mkono mdomoni. Halafu akaacha kucheka.

"Jumatatu saa mbili wanakuja watoto kumi na mmoja. Wengine wanatoka mbali, mama zao wamesikia leo. Mimi nina mikono miwili, na asubuhi niko stendi. Wewe sasa unajua kushika mguu, wiki tatu nimekufundisha. Uji utakuwepo. Mshahara sina, sitakudanganya."

Nsajigwa alitafuta jibu. Maisha yake yote majibu yalimjia kama mbwa anayeitwa jina, na leo aliita, akaita, hakuna kilichotoka. Kazi ya sepetu ilikuwa imemmaliza. Akajiachia kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa nyuma yake.

Kilikuwa kile kiti. Kwa wembamba wake akaenea. Mgongo ukaegemea, visigino vikapata ubao, mikono ikapata uhuru, na alikiri moyoni kwamba fundi anajua kazi. Akafumba macho. Labda, aliwaza, kesho wazo litakuja.

Mlangoni akina mama waliacha njia ghafla.

Josefina alikuwa ameshika reli ya ukutani kwa mikono yote miwili, miguu bado imelowa maji. Hatua moja. Nyingine. Avelina alimfuata nyuma, mikono wazi bila kumgusa. Ya tano ilipita. Ya sita ilipita bila kicheko. Mtoto alifika mbele ya kiti, akamtazama mtu yule mwenye tope kuanzia viatuni, akanyoosha kifua, akavuta pumzi ndefu kuliko mwili wake.

"Toka kwenye kiti changu."